Uliza Tukujibu: Sewa imefurika mlangoni, unaambia nani?

Tangu mvua ianze barua zenu karibu zote zinaongea kitu kimoja, sewa, taka, giza usiku, mjengo unaotisha, na ile hasira ya kuzungushwa kutoka ofisi hii mpaka ile. Nimeamua ukurasa wote wa leo uwe wa hayo juu wengi mnauliza swali lile lile kwa maneno tofauti, nimeshaambia watu na hakuna kitu imefanyika, sasa niende wapi. Majina sijaweka, wenyewe mliomba.

Dada, habari yako. Nakaa Kayole. Mbele ya ploti yetu sewa imefurika hii ni wiki ya nne, maji machafu yanapita kwa kibanda cha mama mboga yanaingia barabarani, watoto wanaruka kwa mawe wakienda shule. Nilienda kwa chifu akasema atawaambia. Kijana wa MCA akaja akapiga picha akaenda. Kuna namba tulipewa, nikapiga, mama mmoja akaniambia imeandikwa. Imeandikwa wapi? Na hii kazi ni ya nani haswa?

Mama, pole sana, na wiki nne si mchezo ukiwa na watoto wadogo. Hilo swali lako la imeandikwa wapi ndilo limenikaa kichwani, nitafika hapo. Kwanza kazi ni ya nani.

Maji na sewa, uzoaji wa taka, mitaro ya maji ya mvua, taa za barabarani, barabara za ndani ya mtaa, hizi zote Katiba ya 2010 ilizipea kaunti, ziko kwa Jedwali la Nne kule mwisho wa Katiba, unaweza kuzisoma mwenyewe kwa simu. Lakini ukienda City Hall, makao ya kaunti ya Nairobi, kuulizia sewa watakutuma mbele, kwa sababu sewa inashughulikiwa na kampuni ya maji na majitaka ya Nairobi, ambayo ni mali ya kaunti lakini ina ofisi zake na mafundi wake. Chifu naye ni mtu wa serikali kuu, hana gari la kuzibua sewa na hana bajeti ya paipu. Anaweza kuita baraza, anaweza kukuonyesha ofisi iko wapi, na hiyo ni msaada, lakini ukimwachia yeye shida yote utakuwa umempa mzigo mtu asiye na mkokoteni. MCA, yaani mwakilishi wa wadi mliyemchagua, kazi yake ni kutunga sheria kule bunge la kaunti na kuwauliza wenye kazi mbona haijafanywa, kwa hivyo yeye apewe nakala, asiwe wa kwanza. Kuna mtu mwingine ambaye wengi hawamjui kabisa, msimamizi wa wadi. Huyu aliwekwa na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, ameajiriwa, hakuchaguliwa, na Nairobi ina wadi 85 kwa hivyo kwenu pia anafaa awepo mmoja. Uliza ofisi yake iko wapi kabla hujauliza kitu kingine.

Sasa imeandikwa wapi. Miaka kadhaa imepita, hapo kwetu kulikuwa na shimo la sewa halina kifuniko, kilikuwa cha chuma kikaibwa usiku kikaenda kwa skrapu. Mtoto wa jirani alikuwa ametumwa maziwa saa moja jioni, giza limeingia, akatumbukiza mguu mpaka kwa paja. Kiatu kikabaki ndani, cheusi cha shule, mama yake alikitoa kesho yake na fito na ilibidi akitupe. Tukaenda ofisi moja tukasema. Yule wa mapokezi alikuwa mpole, alitusikiza mpaka mwisho, halafu akachukua kalamu akaandika kwa ukingo wa gazeti lililokuwa mezani. Niliona kwa macho yangu. Tuliporudi siku ya tisa gazeti halikuwepo na hata aliyekaa pale alikuwa mwingine, akatuuliza shida yenu ni gani, tukaanza mwanzo. Nilitoka hapo nikiwa na uchungu sana kwa sababu nilielewa kwamba siku hizo zote tulikuwa tumeongea tu.

Mara ya tatu tukaenda na barua, nakala mbili. Moja inabaki kwao, ya pili inapigwa muhuri wa kupokea, inawekwa tarehe na sahihi, unarudi nayo nyumbani. Muhuri ulikuwa umebaki kwa tarehe ya juzi, nikamwomba aisongeze, akazungusha kile kigurudumu na kidole mpaka kidole kikawa zambarau. Siku ya sita waliletwa mafundi na kifuniko cha zege. Siwezi kuapa ni barua ndiyo ilileta kifuniko, lakini najua tulipopiga simu siku ya nne na kusema barua yetu mliipokea tarehe fulani, na mwenye sahihi ni fulani, sauti ya upande ule ilibadilika.

Kwa hivyo mama, fanya hivi. Andika barua kwa kampuni ya maji, nakala kwa msimamizi wa wadi na kwa MCA. Andika kama unaelekeza fundi ambaye hajawahi kufika kwenu, ukisema karibu na kwa mama fulani hataona, andika jina la barabara, namba ya ploti, shule ama kanisa lililo karibu, na kama kuna nyumba hapo yenye mita andika namba ya akaunti ya bili kwa sababu ukiwapa namba hiyo ni rahisi wao kujua eneo. Sema ilianza lini. Sema pia kama sewa imeziba ama paipu imepasuka, kama mnajua, hizo ni kazi mbili tofauti, iliyoziba inaletewa mashine ya kusukuma na iliyopasuka inachimbwa, na fundi akija na vifaa vya moja akute ni ile nyingine anarudi na unaanza kungoja upya. Mitaa mingi ya Eastlands paipu zililazwa wakati nyumba zilikuwa za chini, leo kuna ghorofa pande zote na paipu ni ile ya zamani, ongezea pampasi na mchanga na matambara, kwa hivyo msishangae ikiziba tena, na hilo pia liandikwe kwa barua, kwamba si mara ya kwanza.

Halafu usiende peke yako. Majirani kumi waweke majina na namba za nyumba na sahihi. Mtu mmoja anaambiwa rudi kesho, kumi ni ngumu.

Wasipojibu kuna pa kupanda. Ile Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inasema mwananchi ana haki ya kupeleka ombi kwa serikali ya kaunti na kaunti ina wajibu wa kujibu haraka. Mambo ya kampuni za maji yana msimamizi wa kitaifa anaitwa Wasreb, unampelekea ile nakala yako ya muhuri kuonyesha kwamba ulianza kwa kampuni yenyewe. Na kuna Tume ya Haki ya Utawala, wengi wanaiita Ombudsman, hii inashughulika na ofisi za serikali zinazochelewesha watu na kuwanyamazia, na hutozwi kitu kupeleka lalamiko. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema kila mtu ana haki ya usafi wa mazingira ya kiwango kinachofaa, na cha 42 mazingira safi, na ukifika kortini kwa hilo la mazingira Kifungu cha 70 kinasema huhitaji kuonyesha kuna mtu ameshaumia. Sisemi mkimbie kortini kwa sababu ya sewa moja. Nasema mjue mnadai kitu chenu.

Niko na namba ya wale wa NMS ilikuwa inafanya kazi vizuri sana kipindi kile, siku hizi haishikwi. Walihama wapi? (Msomaji, Umoja)

Kaka, hawako tena. NMS, ile ofisi ya huduma za jiji la Nairobi, ilianza 2020 wakati kazi kadhaa za kaunti zilihamishiwa serikali kuu, afya, usafiri, ujenzi na huduma za mtaa, na mipango ya mji, na 2022 ikafika mwisho kazi zikarudi kaunti. Futa hiyo namba, na kama kwa grupu ya mtaa wenu bado inasambazwa waambie pia wafute, kuna watu wanapiga wakifikiri wamepuuzwa kumbe wanapigia ofisi ambayo ilifungwa.

Dada, mimi ni mzee wa miaka sitini na saba, naishi Kawangware. Barabara ya kuingia kwetu imekatika, gari ya wagonjwa haiwezi kuingia. Vijana wananiambia niandike barua lakini Kiingereza changu si kizuri, naogopa watanicheka huko ofisini.

Mzee wangu, andika kwa Kiswahili. Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema lugha rasmi za Jamhuri ni Kiswahili na Kiingereza, zote mbili, na Kiswahili juu ya hiyo ndiyo lugha ya taifa. Hakuna ofisi ya umma inaweza kukurudishia barua kwa sababu ni ya Kiswahili. Hili jambo linaniuma kwa sababu nimeshaona wazazi wetu wamesimama saiba wanalipa mia tatu kuandikiwa barua ya Kiingereza kigumu ambayo wenyewe hawaielewi, mwandishi ameweka maneno makubwa na amesahau kuandika barabara inaitwaje. Barua yako ikiwa na mistari minane ya mkono wako, barabara gani, imekatika upande gani, tangu lini, na kwamba gari ya wagonjwa haiingii, hiyo ni barua kamili.

Tena nikuongezee. Kuna Sheria ya Kupata Habari ya 2016, inakuruhusu kuuliza ofisi yoyote ya umma, kwa mfano, hii barabara ilitengewa pesa ngapi na kandarasi alipewa nani. Sheria hiyo inasema ombi liwe kwa Kiingereza ama Kiswahili, na kama mtu hajui kuandika ama ana ulemavu, afisa anatakiwa amsikize aandike yeye kwa niaba yake. Wana siku 21 za kujibu, na kama ni jambo la uhai wa mtu ni saa 48. Watu wachache sana wanaitumia na ni silaha kali, kwa sababu swali la pesa huwa linajibiwa haraka kuliko lalamiko.

Kitu kimoja uangalie kwanza, kama hiyo barabara ni ya kaunti. Barabara kuu kama Waiyaki Way, Thika Road na Mombasa Road ni za KeNHA, mamlaka ya barabara kuu, kuna zingine za mjini ziko chini ya KURA, mamlaka ya barabara za mijini, na njia nyingi za ndani ya mtaa ni za kaunti. Kama hujui, peleka barua kwa msimamizi wa wadi na uandike mstari mmoja, kama barabara hii si yenu tafadhali mtuambie kwa maandishi ni ya nani.

Mulika mwizi yetu, ile taa ya mlingoti mrefu, imezima tangu mwezi wa pili, wasichana wanaporwa wakishuka matatu. Kenya Power wanasema si yao.

Kama nyumba zenu zina stima na ni ile taa tu imezima, anza na kaunti. Kama mtaa wote hauna stima hapo ndio unapiga 97771 ya Kenya Power. Nendeni mchana muangalie kwa mlingoti, mara nyingi kuna namba imepakwa rangi ama imegongwa kwa kibati, mpige picha namba yenyewe na pia picha ya mlingoti wote ukionyesha duka ama lango lililo karibu. Na visa vya kuporwa viripotiwe polisi kila kimoja, mchukue OB namba, ile ya kitabu cha ripoti pale kituoni, halafu hizo namba za OB ziandikwe ndani ya barua ya taa. Taa iliyozima ni ombi la kawaida kwao, lakini taa iliyozima yenye OB nne chini yake mkubwa wa ofisi hatataka ipatikane kwa dawati lake siku mtu ameumizwa.

Hapa Pipeline kuna mjengo umeanza kando ya mto, wako ghorofa ya tano na wanafanya kazi usiku. Ukuta una ufa naweza kuingiza kidole. Mwenye ploti anajulikana na watu wanamwogopa, na mimi ni mpangaji wake kwa nyumba nyingine. Nikiripoti nitafukuzwa.

Barua yako niliisoma mara mbili. Aprili 2016 kule Huruma nyumba ya ghorofa iliyojengwa karibu na mto ilianguka usiku wa mvua, watu zaidi ya hamsini wakafa. Halafu 2024 mafuriko yakabeba watu na nyumba kando ya Mto Mathare. Kwa hivyo hofu yako si ya bure na si ya kungoja.

Usijitoe mbele peke yako. Kwanza pita hapo mchana kama mpita njia, angalia kama kuna ubao mbele ya mjengo, mjengo halali unatakiwa uwe na ubao unaoonyesha mwenye kazi, mkandarasi, na namba za kuidhinishwa. Hakuna ubao, hilo tayari ni jambo la kuripoti na si wewe umelileta, mtu yeyote barabarani anaweza kuliona. Kaunti ndiyo inapitisha ramani za majengo, Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi inasajili wakandarasi na kukagua mijengo, na NEMA, mamlaka ya mazingira, wanahusika kwa sababu ya mto. Wapelekeeni wote watatu barua moja siku moja, ili asiwepo anayesema alifikiri mwingine ameshughulikia. Barua iwe ya chama cha wakaazi kama mnacho, kama hamna tafuta kanisa ama msikiti ama shule iliyo karibu, mwalimu mkuu mwenye watoto mia saba wanaopita chini ya huo ukuta ana sababu zake mwenyewe za kuandika na hakai kwa nyumba ya huyo bwana. Tume ya Haki ya Utawala pia unaweza kuwaambia wasitaje jina lako.

Ufa pimia macho. Usiende kuweka kidole tena. Kama unapanuka ama mnasikia milio usiku, hiyo si barua, ni simu ya 999 ama 112 papo hapo, na muwaamshe walio chini.

Si niposti tu picha nitagi gavana? Barua ni mambo ya zamani. (Kijana, Githurai)

Posti. Nimeona taka zikizolewa siku moja baada ya picha kusambaa, kwa hivyo siwezi kukuambia haisaidii. Shida yake ni kwamba kesho kuna picha nyingine na yako imeshuka chini, na ukienda kwa Wasreb ama kwa Tume hawana kitu cha kushika. Fanya zote mbili, posti picha, halafu picha hiyo hiyo uichapishe kwa saiba uibandike kwa barua. Na kwa vile nimetaja taka, wewe ni wa Githurai, hakikisha kwanza upande wako ni Nairobi ama ni Kiambu, kuna nyumba hapo zimetenganishwa na barabara tu na nimeshapata watu wamemlaumu gavana ambaye si wao mwaka mzima. Kama ni Nairobi, taka ni jukumu la kaunti, hata kama mnalipa vijana wa mtaa kuzitoa mlangoni, kwa sababu hao vijana wanazifikisha tu pale zinapokusanyika na gari la kuzipeleka jalala la Dandora ndilo halijafika. Dandora yenyewe ilifunguliwa 1975 na ikatangazwa kujaa 2001, bado tunapeleka huko, na magari yakikwama kule kwenu mnazinusa ndani ya siku mbili. Kwa barua ulizia ratiba, gari la wadi yenu linapita siku gani, na mkishaipata muiandike kwa ukuta pale penye taka. Wiki ambayo halikuja mnaandika tarehe.

Dada ulitusaidia mwezi uliopita. Sewa ilizibuliwa, asante sana, lakini wale mafundi waliomba pesa ya chai tukachanga elfu moja na mia mbili. Sasa imefurika tena baada ya siku kumi na sita. Tuanze upya?

Msianze upya. Na hiyo elfu moja na mia mbili imenihuzunisha kwa sababu najua imetoka wapi, imetoka kwa watu wanaonunua unga wa kupima. Sheria ya Hongo ya 2016 inamshika anayetoa kama inavyomshika anayepokea, kwa hivyo wakiomba tena msitoe, andikeni namba ya gari, tarehe, saa, na mlikuwa nani na nani hapo, mpeleke kwa kampuni yao na kwa tume ya kupambana na ufisadi.

Barua ya pili iwe fupi. Muiambatishe ile ya kwanza yenye muhuri, muandike tarehe sewa ilizibuliwa na tarehe ilirudi, siku kumi na sita, na muombe wakague paipu yenyewe kwa sababu kuizibua peke yake hakujatosha. Piga fotokopi mbili za kila karatasi. Nendeni Jumatatu kabla ya saa nne asubuhi, mkubwa bado yuko ofisini saa hizo, na yule kati yenu aliyebaki na nakala ya kwanza nyumbani aende nayo pia, asiitume na mtu.